Jumamosi Bila Gari

Nabintu, nimeandika nyuma ya risiti ya mafuta
kwa kalamu ya Cirhuza inayovuja,
kwa hiyo soma pale wino ulipokubali.

Funguo za teksi zitalala kwa Cirhuza.
Miaka kumi na tisa naujua mji huu kwa nauli:
Kadutu hadi Nguba, watu watano kwenye kiti cha wanne,
mmoja wao ana kuku.
Sijui mteremko wa Nyawera unanukaje asubuhi.
Naijua harufu ya klachi.

Watoto watakwenda Bagira kwa dada yako.
Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa.
"Mnasafiri kwenda wapi?"
Nikasema Labote.
"Labote hii hii?"
Hii hii,
inayoonekana kutoka jikoni kwetu
ukisimama juu ya kigoda
na nguo za jirani zikiwa hazijaanikwa.

Saa mbili tunaanza kushuka.
Tupite ngazi za nyuma ya soko, zile za udongo
ambazo mvua huzila
na vijana huzichonga upya, wakaomba mia mbili.
Tuwape.
Vaa viatu vya shamba, vile vizuri nitavibeba mimi.
Nimepiga hesabu: dakika arobaini;
kwa goti lako la kushoto, saa moja;
kwa rafiki zako wa sokoni, sijui.

Nyawera tununue mkate na parachichi,
lile ambalo muuzaji huliminya kwa dole gumba
kama daktari anayetafuta ini.
Tule tumekaa ukutani.
Wenzangu watapiga honi, wakidhani gari limekufa.
Sitajibu. Mkono mmoja utakuwa na mkate
na mwingine utakuwa na wako.

Halafu barabara kubwa, upande wa kivuli,
hadi kanisa kuu.
Hapo nimechora mraba mtupu.
Tangu siku ya Ashuza hujapita mlango ule
na mimi sijakuuliza.
Mraba ni wako.

Mchana, sambaza. Sahani mbili,
si moja ya kugawana.
Pesa yake iko ndani ya soksi ya kijivu, usiiguse.

Nyumba ya wageni ina vyumba vya aina mbili:
dirisha la ziwani, bei ya tairi jipya;
dirisha la uani, bei ya tairi la kuunga.
Nimechukua la uani.
Ziwa tutaliangalia tukiwa nje, bure,
tukitembea hadi ncha ya rasi,
pale barabara inapoishiwa la kusema.

Kisha Jumapili. Hapa karatasi imechafuka.
Nimechora njia tatu za kurudi nyumbani
na zote tatu nimezifuta.
Huu mji ulipangwa na mtu aliyechukia magoti.
Kila njia inayokupeleka majini kwa upole
hukudai deni lake wakati wa kupanda.

*

Ulisoma huku unachambua lengalenga.
Ukasema, "Mipango si matumizi,"
ukanipokonya kalamu.

Saa mbili ukaifuta, ukaandika saa nne.
Viatu vya shamba ukavipiga msalaba.
Kwenye soksi ya kijivu ukaandika: *Najua.*

Kwenye mraba hukuandika.
Uliweka kidole, ukakiacha,
sufuria ikaanza kufurika, hukugeuka.
Ulipokiondoa palibaki alama ya kijani,
ya mboga, yenye mistari yote ya ngozi yako.

Na chini kabisa, penye njia zangu tatu zilizofutwa,
kwa herufi kubwa, wino ukivuja:

*Jumapili tupande teksi.
Lakini ya mtu mwingine.
Ukae nyuma nami,
na usimfundishe kuendesha.*